Nani Atalipia Kisima cha Kwanza?

Mada juu ya wajibu wa Serikali katika kuendeleza nishati ya jotoardhi, iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani, Tunduma



 Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa kazi ya uumbaji na maendeleo ya mkoa wetu. Mada hiyo ni pana mno. Nimeona nichague jambo moja tu, tulitazame kwa makini, kisha tuulizane tufanye nini.

Jambo lenyewe ni hili: chini ya ardhi ya nyanda zetu hizi kuna moto. Moto huo unaweza kutupatia umeme usiotegemea mvua wala mafuta ya kununua ng'ambo. Lakini ili kuufikia sharti mtu achimbe kwa gharama kubwa, bila kuwa na hakika ya kupata. Nani abebe hatari hiyo? Nitajaribu kuonyesha kwamba ni haki, tena ni wajibu, hatari ya kwanza ibebwe na Serikali kwa niaba ya wote. Na kwamba kwa kuwa wote ndio wanaolipa, wote wana haki ya kuuliza mwanga unaelekea wapi.

Msidhani kwamba naleta jambo geni. Mtu anunuapo umeme kwa LUKU hupokea risiti au ujumbe. Wengi wetu tunatazama idadi ya uniti na kuacha mengine. Basi soma na mistari ya chini yake. Utaona asilimia 3 iliyoandikwa REA. Hiyo huenda kwa Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Hata katika lita ya petroli na dizeli kuna tozo kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba mama wa Tunduma anayenunua umeme wa kupikia chai ya wasafiri anamsaidia mwenzake wa Momba au Ileje, ambaye hawajawahi kuonana, apate taa. Huo ni mshikamano uliokwisha kuwa sheria. Kwa hiyo swali la kama umma uchangie nishati limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni kuuliza mchango huo ufanye nini zaidi, na kwa masharti gani.

1. Hali yetu ilivyo

Tuanze kwa kutoa shukrani palipo na haki ya shukrani. Serikali imeeleza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na kwamba kazi sasa imehamia kwenye vitongoji. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limekamilika: mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingizwa kwenye gridi mwezi Februari 2024, na wa mwisho mwaka 2025. Kazi hiyo iligharimu shilingi trilioni 6.5 na zaidi, nayo ililipiwa kwa fedha za umma. Hakuna mfanyabiashara ambaye angelijenga bwawa lile kwa mfuko wake.

Hata hivyo, mwenye busara huuliza: je, ni salama takriban nusu ya uwezo wote wa umeme wa taifa kutegemea mto mmoja? Wenye umri kama wangu wanakumbuka mgawo wa mwaka 2006, na ule wa mwaka 2011, na ule wa mwisho wa mwaka 2023 ulioendelea hadi mwanzo wa 2024. Aghalabu sababu ilikuwa maji kupungua kwenye mabwawa. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya bonde la Usangu kwa jirani zetu wa Mbeya na kuyapeleka Rufiji, umekuwa ukikauka kwa sehemu wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993. Mvua ni zawadi ya Mungu, lakini haina mkataba na TANESCO.

Na kama tunahitaji mfano wa karibu zaidi, tuvuke mpaka. Tarehe 29 Februari 2024 Rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Zambia hutegemea maji kwa sehemu kubwa sana ya umeme wake, na Ziwa Kariba lilikuwa limeshuka vibaya. Ndugu zetu wa Nakonde, ambao tunasali nao, tunafanya nao biashara na kuoana nao, waliishi saa nyingi za kila siku bila umeme. Fundi wa kuchomelea alikaa bure, mwenye bucha aliuza nyama kwa hasara, na zahanati ziliwasha jenereta pale tu dizeli ilipopatikana. Ukame hausimami pale kwenye kituo cha forodha kugongewa muhuri.

Sisi wa Songwe tuko mwisho wa waya. Umeme unaotufikia husafiri mamia ya kilomita, na unapokatika, mashine za kusaga za Vwawa na Mlowo husimama na mitambo ya kumenya kahawa huko Mbozi husubiri huku kahawa mbivu ikiharibika. Ni kweli kwamba njia mpya ya kilovolti 400, iitwayo TAZA, inatoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma kuelekea Sumbawanga na Zambia. Tunaifurahia. Lakini waya huchukua umeme tu, hauzalishi.

2. Kilicho chini ya miguu yetu

Mkoa wetu unajulikana kwa kimondo cha Mbozi, jiwe lililotoka juu. Wachache wanajua habari za kilicho chini. Mikono miwili ya Bonde la Ufa hukutana katika nyanda hizi, karibu na Mlima Rungwe, na Ziwa Ngozi ni shimo la volkano ya kale. Ndiyo sababu kuna chemchemi za maji moto katika bonde la Mto Songwe. Nasema Songwe ule unaoelekea Ziwa Rukwa, si ule unaotutenganisha na Malawi huko Ileje.

Kazi ya jotoardhi si vigumu kuielewa. Maji ya mvua huzama katika nyufa za miamba hadi kina kirefu, hukutana na miamba yenye joto kali, kisha hutafuta njia ya kupanda. Wataalamu huchoronga kisima cha kilomita moja, mbili au hata tatu. Mvuke ukipatikana, huelekezwa kwenye mtambo na kuuzungusha kama maji ya bwawa yanavyofanya. Maji yaliyopoa hurudishwa ardhini ili yapate joto tena. Mahali ambapo joto si kali sana, maji hayo hutumika kuchemsha kimiminika kingine kinachochemka upesi, na mvuke wa hicho ndio unaoendesha mtambo. Mtambo wa namna hiyo hufanya kazi usiku na mchana, masika na kiangazi.

Hata joto lenyewe, kabla ya kugeuzwa umeme, ni mali. Huko Menengai nchini Kenya, shirika la umma la jotoardhi limeonyesha kwa majaribio jinsi joto la visima linavyoweza kuchemsha maziwa, kupasha nyumba za kuoteshea mboga na kutunza mabwawa ya samaki. Mkulima wa Mbozi anayeanika kahawa huku akitazama mawingu kwa wasiwasi, au mkulima wa mahindi anayepoteza mazao kwa kuvu, anaelewa mara moja faida ya kikaushio kisichodai kuni. Nanyi mnajua kila gunia la mkaa lipitalo barabarani limetoka kwenye mti gani na kwenye kilima cha nani.

Nchi yetu haikulala. Mwaka 2013 iliundwa Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, TGDC, chini ya TANESCO. Serikali hukadiria kwamba nchi nzima ina uwezo wa megawati 5,000 za jotoardhi. Mwaka 2021 visima vyembamba vya uhakiki vilichorongwa Kiejo-Mbaka, na mwaka 2025 uchorongaji wa utafiti ukaanza Ngozi, ambako lengo lililotajwa ni megawati 70. Bonde la Songwe nalo limo katika orodha. Lakini tangu mwaka 2013 hadi leo hatujawasha hata taa moja kwa jotoardhi. Kwa nini?

3. Kwa nini soko peke yake halitoshi

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapa kuinama kuna bei. Kisima kimoja kirefu hugharimu dola milioni kadhaa za Kimarekani, na katika uwanja usiowahi kuchorongwa, karibu nusu ya visima vya kwanza huweza kutoka patupu. Mfanyabiashara akienda benki kuomba mkopo wa kazi hiyo, ataulizwa: mvuke uko wapi? Atajibu: nitaujua nikisha kuchimba. Benki itamwambia aende akachimbe kwanza, kisha arudi. Hana fedha za kuchimba bila mkopo, na hapati mkopo bila kuchimba. Ndipo mali inapobaki chini kwa miaka mia huku watu wakikata miti juu yake.

Wenzetu wa Kenya walifunguaje fundo hilo? Visima viwili vya kwanza vya Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, vilianza kuchorongwa mwaka 1956, wala havikutoa mvuke wa kutumika. Lau kazi ingekuwa ya mfanyabiashara mmoja, ingeishia hapo. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Kenya ilirudi uwanjani ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Ilipita miaka 25 tangu kisima cha kwanza hadi taa ya kwanza! Mwaka 2008 wakaanzisha shirika la umma ambalo kazi yake ni kuchoronga na kuthibitisha mvuke, ili wajenzi wa mitambo waje wakiwa na hakika. Leo uwezo wao wa jotoardhi umepita megawati 900, na zaidi ya asilimia 40 ya umeme wanaozalisha hutoka ardhini.

Iceland, nchi ndogo ya baridi kali, iliunda mfuko wa nishati katika miaka ya 1960. Mfuko huo ulikopesha fedha za kuchoronga. Kisima kikifanikiwa, mkopo ulirudishwa. Kikishindikana, mkopo uliweza kugeuzwa kuwa ruzuku. Kwa njia hiyo hakuna halmashauri iliyofilisika kwa sababu ya kuthubutu. Leo takriban nyumba tisa kati ya kumi nchini humo hupashwa kwa joto la ardhini.

Hali ni hiyo hiyo kwa nishati nyingine changa. Mwaka 1991 Denmark ilisimamisha mitambo 11 ya upepo baharini, mahali paitwapo Vindeby, yenye uwezo wa megawati 5 hivi. Wengi waliona ni mchezo wa gharama. Serikali za Ulaya ziliendelea kuushika mkono upepo wa baharini kwa kuwahakikishia wajenzi bei ya umeme wao kwa miaka mingi. Huko Uingereza, mikataba ya mwaka 2015 ilihakikisha bei ya pauni 114 hadi 120 kwa kila megawati-saa. Katika mnada wa mwaka 2019, bei ilikuwa imeshuka hadi pauni 40 hivi, kwa hesabu ya thamani ile ile ya pauni. Ruzuku ya mwanzo ilinunua ujuzi, na ujuzi ukashusha bei. Tena mwaka 2023, serikali hiyo ilipoweka kikomo cha bei kilichokuwa chini mno, hakuna hata kampuni moja ya upepo wa baharini iliyojitokeza. Mkono ukiachia kabla ya wakati, mtoto huanguka.

Na kwa nini twende mbali? Reli ya TAZARA inapita hapa hapa Tunduma. Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda walipoomba fedha, wakubwa wa Magharibi waliwaambia reli hiyo haina faida. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, kwa sababu serikali mbili ziliona faida ambayo hesabu ya mfanyabiashara haikuweza kuiona: uhuru wa Kusini mwa Afrika. Mji wetu ungekuwaje bila reli hiyo, na bila bomba la mafuta la TAZAMA la mwaka 1968? Lakini reli hiyo hiyo hutufundisha jambo la pili: kujenga bila kutunza ni kuzika fedha. Msaada wa Serikali ni lazima uwe na matunzo ndani yake.

4. Mafundisho Jamii ya Kanisa yatuambia nini

Labda mtu atauliza: padre na visima vya mvuke wapi na wapi? Nami najibu: Kanisa halina mamlaka ya kuchagua mitambo, lakini lina wajibu wa kusema juu ya haki katika matumizi ya mali ya dunia.

Kwanza, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati iitwayo Gaudium et Spes, namba 69, ulifundisha kwamba mali ya dunia imekusudiwa na Mungu kwa ajili ya watu wote. Joto lililomo chini ya Songwe halikuwekwa na kampuni wala na wizara.

Pili, kuna kanuni ya auni, aliyoifafanua Papa Pio XI mwaka 1931 katika Quadragesimo Anno. Wengi hukumbuka upande wake mmoja tu: kwamba jumuiya kubwa isinyang'anye kazi ambayo jumuiya ndogo inaiweza. Lakini neno lenyewe auni maana yake ni msaada. Familia, kijiji na halmashauri zinapokutana na kazi inayozidi nguvu zao, Serikali haina ruhusa ya kukaa pembeni na kutazama. Kijiji kinaweza kujenga darasa kwa nguvu za wananchi. Hakiwezi kuchoronga kilomita mbili za mwamba.

Tatu, hayati Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015 na tena katika Laudate Deum ya mwaka 2023, alihimiza mataifa yaondoke katika nishati inayochafua hewa na kuhamia ile isiyoidhuru nyumba yetu ya pamoja. Ileje na Mbozi kuna makaa ya mawe, na sitamhukumu kijana anayejipatia riziki mgodini. Nasema tu kwamba mtoto asizaliwe katika mkoa wenye njia mbili na kuonyeshwa moja.

Maandiko nayo yanatupatia kielelezo cha ajabu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, Yosefu alishauri sehemu ya mavuno ya miaka ya neema iwekwe kwenye maghala ya mfalme kwa ajili ya miaka ya njaa. Hakuna mkulima ambaye peke yake angeliweza kuhifadhi chakula cha miaka saba. Huo ni msaada wa dola katika sura yake bora. Lakini msiishie sura ya 41. Endeleeni hadi sura ya 47. Njaa ilipokaza, watu walitoa fedha, kisha mifugo, kisha mashamba, kisha wakajitoa wao wenyewe kuwa watumwa wa Farao, ili wauziwe nafaka ambayo ilitoka mashambani mwao. Waliponea njaa, wakapoteza ardhi na uhuru. Msaada wa Serikali usio na haki ndani yake huweza kuishia hapo. Kwa hiyo naomba tuwe na sura zote mbili mezani.

5. Pingamizi tatu

La kwanza: fedha za umma hufuatwa na mafisadi. Kweli tupu. Katika ukame wa mwaka 2006 taifa liliingia mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond; mwezi Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu. Kabla ya hapo kulikuwa na mkataba wa IPTL wa mwaka 1995, uliotufikisha kwenye sakata la akaunti ya Escrow mwaka 2014. Lakini tazameni vizuri: yote hayo yalizaliwa na haraka ya gizani, umeme ulionunuliwa kwa pupa kwa sababu maji yamekauka. Asiyejiandaa mapema ndiye anayetia saini bila kusoma. Kisima kinachochorongwa leo kwa utulivu na uwazi ni kinga dhidi ya mkataba wa dharura wa kesho.

La pili: kwa nini maskini alipe kodi kwa ajili ya shimo linaloweza kutoka tupu? Swali hili ni zito, na Injili ya Luka, sura ya 14, yamwambia mjenzi wa mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Jibu langu ni kwamba maskini hulipa hata sasa. Analipa kwa mkaa, kwa betri na mishumaa, kwa mazao yaliyooza, kwa unga unaopanda bei mashine inapotumia dizeli. Tofauti ni kwamba malipo hayo hayaachi kitu nyuma yake. Tena hatari hii haitupasi kuibeba peke yetu: Umoja wa Afrika, kwa msaada wa Ujerumani na wafadhili wengine, ulianzisha mwaka 2012 mfuko wa kupunguza hatari ya uchorongaji wa jotoardhi katika Afrika Mashariki, na miradi ya Ngozi na Kiejo-Mbaka imekubaliwa kusaidiwa. Mfuko kama huo hutoa sehemu tu. Nchi isiyoweka sehemu yake haipati.

La tatu: sasa tuna Bwawa la Nyerere, umeme umetosha. Umetosha kwa leo. Vitongoji maelfu vinasubiri, viwanda vinaongezeka, na tunawaomba akina mama waache kuni wapikie nishati safi. Kutoka kisima cha kwanza hadi taa ya kwanza kuna miaka mingi. Anayesubiri giza ndipo aanze kutafuta kiberiti, atakitafuta kwa kupapasa.

6. Masharti ya haki

Kutetea msaada wa Serikali hakumaanishi kutia saini karatasi tupu. Natoa masharti manne.

Ardhi. Mwaka 2014, kwa ajili ya mtambo wa Olkaria IV wa megawati 140, zaidi ya kaya 150 za Wamasai zilihamishwa. Walalamikaji walifika hadi kwenye jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia na kwenye Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ilibidi usuluhishi ufanyike ndipo makubaliano yakapatikana mwaka 2016. Na kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, kwenye mradi wa upepo wa mitambo 365, mahakama ya ardhi ya Meru iliamua mwaka 2021 kwamba hati za ardhi za mradi hazikutolewa kwa kufuata sheria. Nishati safi inaweza kupatikana kwa njia chafu. Sisi tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kabla ya mashine kufika, na fidia ilipwe kabla ya nyumba kuvunjwa.

Uwazi. Mradi huo huo wa Turkana ulikamilika mwaka 2017, lakini njia ya kuchukua umeme wake ikachelewa hadi mwaka 2018, na mkataba ukawadai Wakenya walipie umeme ambao hawakuupata. Mikataba isomwe hadharani, kwa Kiswahili. Matokeo ya visima yatangazwe, yawe mema au mabaya; kisima kitupu kilichoelezwa kwa ukweli hakimvunjii mtu imani kama kisima kilichofichwa.

Faida kwa wenyeji. Isiwe nguzo ndefu zinapita juu ya vijiji vyenye vibatari. Kitongoji kilicho karibu na kisima kiunganishwe kwanza. Ushuru wa huduma ufike halmashauri na utumike mahali panapoonekana. Joto la ziada lipewe vyama vya ushirika vya wakulima kwa kukaushia mazao. Vijana wetu wapelekwe kusomea kazi hiyo, wasiwe walinzi wa geti tu.

Utunzaji wa maji na mazingira. Tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa na sheria ya mwaka 2004, ifanyike kweli. Maji ya visima huwa na chumvi na madini. Yarudishwe ardhini, yasimwagwe mtoni ambamo ng'ombe hunywa na watoto huoga. Na pale ambapo wazee huheshimu chemchemi kama mahali pa mababu, waulizwe kwa adabu.

7. Wajibu wetu

Ndugu zangu, hakuna lolote kati ya haya litakalotendeka kwa sababu padre amesema. Mbunge na diwani husikiliza wanaowapigia kura. Bajeti ya Wizara ya Nishati husomwa bungeni kila mwaka. Nani kati yetu huwa anauliza ni kiasi gani kimetengwa kwa jotoardhi, na kiasi gani kilitolewa kweli? Kamati zetu za Haki na Amani zina watu wenye elimu: walimu, wauguzi, maafisa ushuru, wafanyabiashara wa mpakani wanaojua hesabu kuliko mimi. Tuwatumie. Na tusifanye kazi hii kama Wakatoliki peke yetu. Umeme haubagui dini. Ndugu zetu Wamoravian, Walutheri, Wapentekoste na Waislamu wana kiu ile ile ya haki.

Katika mfano wa talanta, mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini hakushitakiwa kwa wizi. Yeye mwenyewe alikiri kwamba aliogopa, na bwana wake akamwita mlegevu. Taifa nalo huweza kuogopa hivyo. Mungu hakutuficha talanta hii; ametuonyesha dalili zake kwa maji yanayochemka bondeni mchana kutwa. Tuithubutu pamoja, kwa macho yaliyo wazi, na kila mmoja ajue amechangia nini na amepata nini.

 

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika kitongoji chetu, ni nani bado hawana umeme, na ni gharama zipi wanazolipa kwa kuukosa?
2. Je, ni haki wote walipie utafiti unaoweza kushindikana? Kanuni ya auni inatusaidiaje kujibu?
3. Someni Mwanzo 41:33-36 na 47:13-26. Ni tofauti gani mnaiona kati ya mwanzo na mwisho wa mpango wa Yosefu? Tufanye nini ili yasitupate ya sura ya 47?
4. Mashine ya kuchoronga ikija bondeni kwetu mwakani, kijiji chetu kina hati za ardhi, na kamati inayojua sheria? Kama sivyo, nani aanze, na lini?
5. Ni swali gani moja ambalo jumuiya yetu ingependa kumpelekea mbunge kabla ya bajeti ijayo?